Vidole Vinne Kwenye Bega la Syombua

Emali, Jumapili jioni

Mwende, mwaitu,

Tuanze na mkasi. Uko kwenye droo ya meza ya studio, chini ya bahasha za picha za pasipoti. Nilisema nimeutupa chooni, nilidanganya. Leo mchana nilikunyang'anya kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, tena mbele ya watu, nikakupigia kelele mpaka yule mama aliyekuja na mapacha akasema atarudi kesho. Wewe hukunijibu. Uliiweka fremu yako mezani polepole, juu ya picha yetu ya Krismasi, ukatoka. Kunyamaza huko umekurithi kwa mama yako, na kunaniuma kuliko matusi.

Nisamehe kwa zile kelele. Kwa kuuchukua mkasi siombi msamaha, na nimekaa hapa kukueleza kwa nini.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako yuko hapo nyuma anapiga pasi sketi zako, na tangu juzi amekuhubiria maji ya kunywa, makufuli, marafiki na kanisa. Kama kuna alichosahau, basi hakipo duniani. Mimi nina neno moja tu, ni refu, na ni la aibu yangu. Kesho unaenda Nairobi kufanya kazi kwenye studio kubwa, yenye mashine ya picha za rangi inayomeza filamu upande huu na kutema picha upande ule. Unaingia kwenye kazi yangu. Sitaki uishike kabla hujajua niliyowahi kuifanyia.

Ulikuwa bado unatambaa siku Syombua alipoingia studio. Alikuwa mjane wa kutoka Kilungu, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Mungu hakumjalia mtoto. Nyuma yake alikuja msichana anaitwa Mbithe, amebeba mtoto mgongoni, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Syombua akasema, "Huyu ni mke wangu. Tupige."

Wewe umesoma bweni, mambo haya umeyasikia nusu nusu. Kwetu sisi Wakamba, mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa msichana, amzalie watoto wa jina lake na wa boma lake. Msichana huyo anaitwa iweto. Si mfanyakazi wala si mgeni. Anatolewa mbuzi wa ntheo kwa wazazi wake kama bibi harusi mwingine yeyote, na pasipo ntheo hakuna ndoa, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke. Yule mtoto wa mgongoni, Syombua alikuwa ameshampa jina la marehemu mumewe, Kioko.

Nilimketisha Syombua kwenye kile kiti cha mikono unachokijua, mbele ya pazia jeusi. Alikuwa amejifunga shuka nyeusi pia, na kwenye muundi amefungwa kitambaa cheupe. Nikataka kukifunika na ncha ya shuka. Akanipiga mkono.

"Wacha kionekane! Jana nimepeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Mbithe, mmoja akanivuta nikaanguka mtoni. Kwani nimeumia bure?"

Mbithe naye hakutaka kusogea. Nikamwambia, "Dada, karibia." Akaja hatua moja. "Karibia tena." Akagoma. Syombua, bila hata kugeuza shingo, akasema, "Nishike bega." Basi Mbithe akanyoosha mkono wote, akaweka vidole vinne tu kwenye bega lile, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama imepoa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kimeangalia juu. Alivaa sweta nyeusi ya mikono mirefu, kwa hiyo mkono wenyewe ulizama kwenye pazia. Ulichoona ni uso wake huku pembeni kabisa, macho ya mtoto juu ya bega lake, na vidole vile kule begani kwa Syombua. Nikapiga. Ilikuwa picha nzuri, Mwende. Sijisifu, nimepiga mbaya nyingi, na ninazijua.

Baada ya miaka mitatu Syombua akafa. Shemeji yake akaja studio, ndugu mdogo wa yule marehemu mume, anaitwa Nzioka. Alibeba vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kopo la ugoro la Syombua, na ndani yake, imekunjwa kwenye kitambaa, ile negativu niliyompa. Picha yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa ukutani. Cha pili kilikuwa fremu mpya yenye kioo, nane kwa kumi, kama hiyo uliyonunua wewe.

"Tunazika kesho kutwa," akasema. "Unitolee picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Ijae hapa."

Nisimwonee mtu: hayo tu ndiyo aliyosema. Hakuniambia nimwondoe mtu yeyote. Alileta fremu, na fremu ilitosha.

Unajua hesabu yenyewe, nilikufundisha ukiwa darasa la sita ukaniuliza kama itakuja kwenye mtihani. Negativu ya kamera yangu ina umbo lake: kwa kila sehemu mbili za kimo, sehemu tatu za upana. Ukiikuza mpaka kimo kifike inchi nane, upana unakuwa kumi na mbili. Fremu ya Nzioka ilikuwa na upana wa kumi. Hapo huna ujanja. Ama uipunguze picha yote mpaka upana uingie, ubaki na ukanda mweupe juu na mwingine chini, kila mmoja zaidi ya nusu inchi. Ama uijaze fremu, na inchi mbili zikose pa kukaa.

Siku hizo hapa hapakuwa na umeme. Nilikuwa nikiunganisha waya kwa jenereta ya jirani mwenye mashine ya kusaga, na kazi ya chumba cha giza niliifanya wakati anapumzisha mawe, maana akisaga, taa yangu ilikuwa inatetemeka kama mzee. Nikawasha mashine ya kukuza. Picha ikashuka juu ya ubao. Kwenye mwanga ule watu wako kinyume, aliye mweusi anang'aa, lakini mimi huwasoma hivyo hivyo. Nikapandisha kichwa cha mashine, Syombua akajaa, akapendeza. Nikamsogeza aje katikati, maana ndiye marehemu. Na nilipofanya hivyo, Mbithe na mtoto wakateleza wakatoka kwenye karatasi, wakaangukia kwenye mbao.

Niliwaona. Hili ndilo ninalotaka ulijue, na miaka yote hii ni mama yako tu aliyelisikia. Si kwamba sikuangalia. Nilimwona Mbithe, uso wake wote, umelala kwenye mbao ya muembe iliyojaa madoa ya dawa, na macho ya Kioko pembeni ya msumari. Nikafikiri: ukanda mweupe utaonekana vibaya, watu watasema Mutinda ameishiwa na picha. Nikafikiri: anayezikwa ni mmoja. Nikafikiri: jirani ataanza kusaga sasa hivi. Nikahesabu moja mpaka kumi na nne, nikazima taa.

Kumbe hata hapo sikuwa nimemaliza. Picha ilipokauka, vidole vilikuwa bado vipo. Vinne, begani, bila mwenyewe. Ilikuwa ya kutisha, kama mzimu umemjia mama wa watu. Mwenye akili angerudi chumba cha giza akaanza upya. Mimi nilichukua brashi ndogo na rangi nyeusi ya maji, ile ya kuzibia madoa ya vumbi, nikavipaka kimoja kimoja mpaka vikawa shuka. Kazi safi. Ungeangalia kwa lensi usingevijua.

Nzioka akafurahi. Akabeba picha, akabeba na kopo la negativu. Sikumwambia aniachie. Kwenye mazishi picha ile ilitangulia mbele, na watu wa Kilungu wakanishika mkono wakisema, "Ai, Mutinda! Umemrudisha akiwa hai!" Na mimi, baba yako, nikavimba kichwa.

Mbithe alikuwa jikoni na masufuria. Alipotoka, alienda kwenye ile picha, akaitazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye kioo, pembeni, mahali fremu inapoanzia. Akageuka akanitafuta machoni. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Haikupita miezi mingi nikaitwa Kilungu na wazee wa ukoo. Walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, uani kwa Syombua, karibu na ghala. Shida ilikuwa hii. Nzioka alidai shamba la kaka yake, kutoka mtoni hadi kwenye mawe. Alisema Mbithe alikuwa kibarua wa jikoni, hakuna ntheo iliyotoka, na mtoto ni wa huko alikotoka. Baba yake Mbithe alikuwa ameshakufa, na mashahidi wawili wa upande ule nao hawapo. Mbithe akajitetea kwa neno moja: "Ntheo ilitoka, na kesho yake tulipigwa picha. Nilimshika bega."

Mwenyekiti wa ukoo, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa na uzi, akaomba picha itolewe ndani. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Akasema, "Mwanangu, picha tumeiona. Wewe uko wapi?" Kisha akanigeukia. "Mutinda, hii ndiyo picha uliyopiga?"

Mwende, nilikuwa na nafasi. Swali lilikuwa jepesi na mlango ulikuwa wazi. Lakini watu wa soko walikuwepo, wateja wangu walikuwepo, na nilijua nikisema nimeondoa mtu kwenye picha, nani tena ataniletea arusi yake? Nikasema, "Ndiyo yenyewe. Mimi sibuni watu."

Sikubuni. Kweli kabisa. Mtu anaweza kusema uongo kwa maneno yaliyo sawa yote, na huo ndio uongo mbaya zaidi, kwa sababu unalala nao ukijiambia hukusema chochote. Wazee wakampa Mbithe majuma mawili atafute shahidi mwingine. Akikosa, afunge mizigo yake.

Nilirudi Emali, na nilikuwa mkali kuliko pilipili. Mama yako ananikumbusha mpaka leo kwamba wiki ile nilimgombeza kuku.

Siku moja, kabla ya jua kuwa kali, Mbithe akaingia studio na mtoto mkononi. Nilijua amekuja kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Aliweka mtoto chini, akakivuta kile kiti cha mikono mbele ya pazia, akasimama pale pale aliposimama siku ile, mbali vile vile, na akanyoosha mkono akaweka vidole vinne kwenye mgongo wa kiti kitupu.

"Piga," akasema.

"Nikupige na kiti?"

"Piga hivyo hivyo. Sisi tunafukuzwa Ijumaa. Kioko akikua, aone nilikuwa nimesimama wapi."

Nilienda nyuma ya kamera. Niliangalia kwenye tundu, nikaona kiti, na vidole, na kile cha mwisho kilichopinda, kimeangalia juu. Mkono wangu ulikataa. Nilijaribu, haki ya Mungu, ukakataa. Nikamwambia filamu imeisha. Uongo mwingine huo, wa tatu au wa nne, sijui. Akamchukua mtoto akaenda bila kusema kwaheri, na mimi nikaketi kwenye kile kiti nikalia, mtu mzima na masharubu yangu.

Jioni nilimweleza mama yako tukiwa tunachambua maharagwe. Aliuliza swali moja tu. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

Akaendelea kuchambua maharagwe mpaka yakaisha. Ijumaa nilipoamka, nilikuta viatu vyangu vimewekwa mlangoni, vimepakwa rangi, na chapati mbili kwenye karatasi. "Kilungu ni kupanda," akasema. "Anza sasa, usije ukafika wameshamaliza." Ukitaka kujua kwa nini namvumilia mama yako na mahubiri yake ya makufuli, ni kwa sababu ya asubuhi ile.

Nilipofika, mizigo ya Mbithe ilikuwa imeshatolewa uani: kitanda, debe, gunia, jembe. Mizigo ya mtu mzima inaweza kuwa kidogo hivyo! Wazee walikuwa wanasimama waende. Nikasema, nikihema, "Ketini tena, wazee. Nileteeni ile picha. Na maji kidogo kwenye kikombe."

Nzioka akasema, "Huyu alishaulizwa."

"Niliulizwa nikajibu vibaya," nikasema. "Leo najibu tena."

Picha ikaletwa. Nikang'oa misumari ya nyuma kwa kisu, nikatoa kioo, nikailaza picha kwenye benchi. Nikachovya pamba kwenye maji, nikaanza kupangusa bega la Syombua, polepole, kama unavyompangusa mtoto jicho linalouma. Nzioka akaruka. "Anaharibu picha ya marehemu! Mnamwachaje?" Mwenyekiti akainua mkono kumzuia. Pamba ikawa nyeusi. Nikachukua nyingine.

Kidole cha kwanza kikatoka. Kisha cha pili. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akiita jina la Yesu. Cha tatu. Halafu kile cha mwisho, kimepinda, kimeangalia juu.

Mwenyekiti akainama mpaka miwani ikakaribia kuanguka. "Mbithe," akasema, "lete mkono."

Akaja. Mkono ulikuwa na udongo. Akaufuta kwenye leso, akauweka juu ya benchi kando ya picha. Hata mtoto angeona vinafanana. Ndipo nikawaeleza yote: karatasi, fremu, inchi mbili, ubao, brashi. Wengine hawakuelewa, kwa sababu walidhani kamera ndiyo inayokata. Nikachukua kitambaa kikubwa cha mezani na sinia, nikawaonyesha: kitambaa ndicho nilichopiga, sinia ndiyo fremu iliyoletwa. Sinia ikiwa fupi, kuna kitakachoning'inia nje. Mimi niliamua kining'inie nini. Mimi, wala si kamera.

Nzioka hakuwa mjinga. "Vidole si mbuzi," akasema. "Hata kibarua anaweza kumshika bosi wake bega."

Hapo nikawaonyesha kile kitambaa cheupe kwenye muundi wa Syombua, ambacho wote walikuwa wamekiona tangu mazishi na hakuna aliyeuliza. Nikawaambia maneno yake, vile alivyoyasema: mbuzi watatu wa ntheo, mmoja akamvuta, akaanguka mtoni. Kulikuwa na mzee mmoja upande wa mwisho wa benchi, alikuwa amesinzia tangu nifike. Akafungua macho akacheka, meno yote mawili nje.

"Yule mbuzi mwekundu!" akasema. "Si ni mimi nilimkamata? Alifika mpaka kwa shamba langu na kamba shingoni. Syombua akanitukana ati nacheka badala ya kumwinua. Kumbe walikuwa wa ntheo wale! Mimi nilidhani anawapeleka soko."

"Walikuwa wangapi?" mwenyekiti akauliza.

"Watatu. Mwekundu na weupe wawili."

Kisha mwenyekiti akamuuliza Nzioka iko wapi ile negativu ili nitoe picha nzima, kila mtu aone. Nzioka akatazama milima. Akasema panya wameila. Watu wakacheka kicheko kile kisicho na furaha, na shauri likaishia hapo. Wazee wenyewe ndio walioinua kitanda cha Mbithe kukirudisha ndani.

Ungedhani nilitoka pale nikiwa shujaa. Nilikuwa nafunga vifaa vyangu Mbithe akaja akasimama mbele yangu. Nilitaka kumwambia pole. Akanitangulia.

"Baba Mwende," akasema, "kwa nini hukutufanya wadogo?"

Sikumwelewa.

"Hiyo sinia yako. Ungetufanya wadogo sisi wote, si tungetosha?"

Ukanda mweupe, nusu inchi na kidogo, juu na chini. Hilo tu ndilo nililokuwa nimelikwepa. Mbithe alikaa kwenye shamba lake na yuko mpaka sasa, Kioko ni kijana mwenye sauti kama ya Syombua. Machungwa tunayokula kila Agosti ni ya kwao. Lakini uso wa Mbithe wa kesho yake ya kuolewa haupo popote duniani. Mara ya mwisho ulionekana kwenye mbao yangu, kwa muda wa kuhesabu kumi na nne, na aliyeuona ni mimi peke yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Vidole vilirudi, mwenyewe hakurudi.

Baada ya hapo jina langu soko zima likawa Mfuta Watu. Watu walikuwa wakileta negativu wananisimamia mlangoni, "Mutinda, usinifutie shangazi!" Niliona aibu, nikakonda, lakini studio sikufunga. Niliapa kwamba sitatoa picha kubwa ya mtu yeyote kabla hajaona kwa macho yake kinachobaki nje. Ndipo nilipokata kile kidirisha cha kadibodi ambacho wewe na ndugu zako mnakiita televisheni ya baba. Kila mteja nakiweka juu ya picha yake ndogo, nakisogeza huku na huku, na namuuliza: Nani akae? Wengine wanaona nawapotezea muda. Wapo waliochagua kukata, na nikawakatia, maana picha ni yao. Yuko mama mmoja wa Mbooni aliyeniomba nimwache mume wake nje, akanionyesha kovu la kwa nini. Nilimwacha nje kwa roho nyeupe. Kukata sikukatai. Nachukia kukata kusikoulizwa.

Huko unakoenda, mashine haitakuuliza. Nimeiona kazi yake: kingo zinaliwa zote nne, sikio la huyu, kiatu cha yule, na picha inatoka safi inang'aa kama hakuna kilichotokea. Hutauona hata ubao, mwaitu, kwa sababu hakuna ubao. Utaambiwa saizi ni saizi na foleni ni ndefu. Mimi sikuambii ugombane na wakubwa wako siku ya kwanza. Lakini kabla filamu haijaingia, chukua negativu uiinue kwenye mwanga, uangalie pembeni. Siyo katikati, katikati hujitunza penyewe. Ukimwona mtu amesimama karibu na ukingo, mpigie kelele mwenye picha, hata akiwa ameshafika mlangoni. Wakikuita mwenda pole, itika. Mimi nimeitwa vibaya zaidi na bado nipo.

Sasa turudi kwa picha yetu ya Krismasi. Najua ulichofikiri leo ulipoweka mkasi kwenye ule upande wa mlango. Anayesimama pale ni mimi. Niliweka kamera ijihesabie, nikakimbia, nikafika inapolia, ndiyo maana shati limetoka nje na mdomo uko wazi kama wa samaki. Ulisema, "Hapa ni wewe tu, baba, na huwa unasema umetoka vibaya." Kweli nilisema. Na ulidhani nimekasirika kwa sababu ya majivuno yangu. Labda kidogo, sitakudanganya tena. Niliona inchi zile mbili na nikajua mtu anavyohisi upande ule wa fremu, na ikanichukua miaka kumi na sita na mkasi wa binti yangu kujua.

Uliponiacha, nilifunga studio, mara ya kwanza mchana wa soko tangu nimzike mama yangu, ambaye una jina lake, ndiyo maana nakuita mwaitu, mama. Nilikitoa kioo cha kabati la nje, lile la maonyesho, nikakipeleka kwa fundi seremala. Nikamwambia akate kioo kwa kufuata picha, asikate picha kwa kufuata kioo. Amenitengenezea fremu ya mvule, nane kwa kumi na mbili, na imekamilika kabla jua halijazama. Ile yako ya sokoni nimeiweka sandukuni, utatia picha yako mwenyewe siku ukipata sababu.

Hii haiingii sandukuni. Nimejaribu kwa urefu na kwa upana, mama yako akinicheka. Imeegemea mlango, imefungwa kwa shuka kuukuu. Utaibeba mkononi kutoka hapa mpaka Nairobi, itakuchosha, na kwenye chumba chako kidogo kila atakayeingia atauliza kwa nini umening'iniza kitu kirefu hivyo ukutani. Mwambie tungekuwa wachache ingekuwa fupi. Mwambie sote tumo.

Ni mimi, yule wa pembeni, shati nje,

Baba yako Mutinda